Muulize Mama Kaunta: Nani alibeba kombe, na mwaka gani?

Kapu la barua limejaa tena. Kwa wageni wa ukurasa huu: naitwa Mama Kaunta kwa sababu ya kauntabuku langu, lile kubwa la kurasa zenye mistari, nililolifunika kwa gazeti na gundi ya unga. Ndani yake naandika matokeo ya soka la wanawake. Biro ya bluu ni kwa mechi niliyoiona kwa macho, nyekundu ni kwa niliyoisikia redioni au kuisoma. Wiki hii karibu barua zote zinauliza habari za mabingwa, basi tuanze.

"Shikamoo Mama Kaunta. Mimi na shemeji yangu tumebishana kijiweni mpaka tumewekeana kreti ya soda. Yeye anasema Simba Queens ndiyo imechukua ligi kuu ya wanawake mara nyingi kuliko wote. Mimi nasema ni JKT Queens. Tutajie mabingwa wote tangu ligi ianze." (H.S., Morogoro)

Marahaba mwanangu. Kreti hiyo igawaneni nusu kwa nusu, maana hadi msimu wa 2024/25 unafungwa, JKT wana makombe manne na Simba wana manne. Hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa chupa moja. Lakini soda moja nawadai nyote wawili, kwa sababu mmemsahau bingwa wa kwanza kabisa, na hilo ndilo lililonifanya niitoe barua yako juu ya kapu.

Shika kalamu. Msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens. 2017/18 JKT Queens, wakarudia 2018/19. Halafu Simba Queens wakakalia kiti misimu mitatu mfululizo: 2019/20, 2020/21 na 2021/22. JKT wakawang'oa 2022/23, Simba wakarudi 2023/24, JKT tena 2024/25. Misimu tisa, timu tatu.

Sasa hao Mlandizi. Mlandizi ni pale Pwani, ukitoka Dar kwa barabara ya Morogoro unapita Kibaha, unashuka ambapo makonda wanapiga kelele za mananasi kuliko za abiria. Siyo jiji, siyo klabu yenye matawi nchi nzima. Msimu ule wa kwanza timu zilikuwa 12, zikagawanywa makundi mawili, kisha waliofanya vizuri wakakutana kwenye sita bora. Mlandizi wakawapita wote. Niliwaona mara moja tu, na ukurasa wao kwenye kauntabuku una doa la mafuta ya mihogo, kwa sababu niliandika nikiwa nakula. Ukiniuliza leo nani alipiga pasi gani siwezi kukwambia, ila nakumbuka vizuri mama mmoja nyuma yangu aliyekuwa akiwaita wachezaji kwa majina ya nyumbani, siyo yale ya kwenye jezi. "We Kidawa, rudi nyuma! Kidawa, nitakwambia baba yako!" Huo ndio ulikuwa ushabiki wao.

Kwa nini Mlandizi waliweza mwaka ule, na kwa nini tangu hapo hakuna timu ya namna yao iliyoweza? Mimi nina jibu langu, na watu wa mpira wanaonijua wamelichoka: ubingwa wa wanawake hapa kwetu unafuata sahani. Mwaka wa kwanza sahani zilikuwa karibu sawa. Kila timu ilikuwa ikichangishana, wasichana wanatoka kwenye biashara ya maandazi wanakuja mazoezini saa kumi, na siku ya mechi ya ugenini unaomba basi liharibike karibu na nyumba ya mtu unayemjua. Katika hali hiyo anayeshinda ni mwenye kipaji na mwenye umoja. Mlandizi walikuwa na vyote.

Halafu sahani zikatofautiana. JKT Queens ni timu ya jeshi la kujenga taifa. Wachezaji wengi pale ni askari. Wanalala kambini, wanakula kambini, asubuhi wako mazoezini wakati mwenzao wa timu nyingine anapanga foleni ya maji. Mwisho wa mwezi kuna mshahara, na mpira ukiisha kuna kazi. Nenda siku moja uwanja wao wa Meja Jenerali Isamuhyo kule Mbweni uwaangalie dakika ya 80. Wenzao wameshika viuno, wao wanakimbia kama ndiyo wanaingia. Kocha wao mmoja alikuwa Esther Chabruma, yule mshambuliaji wa Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, tuliyemwita Lunyamila, na alipokuwa pembeni ya uwanja wale wasichana walimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyepita njia hiyohiyo.

Simba wakaja na sahani ya aina nyingine, ya mikataba. Mussa Hassan Mgosi, aliyekuwa akifunga mabao ya Simba ya wanaume, akapewa Queens na kombe la kwanza likaja 2019/20. Baada ya hapo wakaanza kuleta wachezaji kutoka Kenya, Burundi na Uganda, jambo ambalo timu ya kuchangishana haiwezi hata kulifikiria. Na ligi ilipopata mdhamini na mechi zikaanza kuonekana kwenye runinga, pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho likaonekana na nchi nzima. Kuna mechi nimeziandika zenye mabao kumi upande mmoja. Naziandika haraka na kufungua ukurasa mwingine.

Kwa hiyo mwambie shemeji yako, nne kwa nne, na moja ya Mlandizi. Kama atabisha, mwonyeshe ukurasa huu.

"Mama, Yanga Princess walichukua ubingwa mwaka gani? Nimetafuta sioni." (Mwananchi, Tabora)

Huoni kwa sababu haupo. Katika misimu hiyo tisa niliyoitaja hapo juu, Princess hawajabeba. Usilie lakini. Jezi hiyo ya kijani na njano ndiyo aliyoivaa Aisha Masaka, binti wa Singida aliyelelewa kisoka Alliance kule Mwanza, kabla hajaenda BK Häcken ya Sweden na baadaye, mwaka 2024, Brighton ya Uingereza. Alikuwa mfungaji ambaye mabeki walianza kumtafuta kabla mpira haujaanza. Kombe la ligi hakulipata akiwa na Yanga. Wapo wengi wenye medali tatu nyumbani ambao wangekubali kubadilishana naye.

"Habari yako Mama Kaunta. Watanzania mnajisifu sana na Cecafa ya wanawake. Mbona huandiki kwamba 2019 tuliwafunga kwenu, mbele ya mashabiki wenu?" (A.O., Kisumu)

Nzuri, ndugu yangu. Naandika sasa hivi, na kwa biro ya bluu, maana nilikuwepo.

Kwa wasioijua, Cecafa ni kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati. Ilikuwa Novemba 2019, uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam. Sisi tulikuwa mabingwa mara mbili mfululizo. Mwaka 2016 kule Jinja, Uganda, tuliwafunga ninyi Kenya 2-1 kwenye fainali. Mwaka 2018 Kigali tulianza vibaya, wenyeji Rwanda wakatufunga 1-0, na tukamaliza kwa kuitandika Ethiopia 4-1, kombe likarudi nyumbani. Kwa hiyo siku ile ya fainali Chamazi sisi jukwaani tulikuwa tumeshasherehekea. Kuna kijana alikuwa akiuza fulana zenye maneno "Mabingwa mara tatu". Zilikuwa zimechapishwa tayari, wino umekauka.

Jentrix Shikangwa akafunga la kwanza. Tukasema sawa, bado. Akafunga la pili. Muuza karanga aliyekuwa amesimama ngazi ya chini yangu akaacha kuita, akaanza kuzirudisha zile koni za karatasi kwenye ndoo, moja moja, kama mtu anayefunga duka. Kenya 2, Tanzania 0. Yule kijana wa fulana nilimwona nje akizikunja akizigeuza ndani nje. Nilinunua moja kwa bei ya hasara yake, ninayo mpaka leo, nalalia.

Na dunia ilivyo ndogo, Shikangwa huyohuyo akaja kuvaa jezi nyekundu ya Simba Queens. Mara ya kwanza nilipomwona akishangilia bao upande wetu mkono wangu ulitaka kupiga makofi, ukakataa, halafu ukakubali.

Mwaka 2022 Cecafa ilichezwa Njeru, Uganda, na wenyeji wakaichukua kwa kuifunga Burundi 3-1. Mwaka 2025 tukaileta tena Dar, na Kenya mlikuwepo, na safari hii ilikuwa 1-0 kwetu. Sasa tuko sawa wewe na mimi kwa mambo ya kufungana mbele ya mashabiki. Sitataja kombe la Cosafa la 2021, lile la nchi za kusini mwa Afrika, tulilolichukua kule Afrika Kusini tukiwa wageni waalikwa tu, kwa bao moja la Enekia Kasonga dhidi ya Malawi. Sitalitaja kabisa.

Umeuliza pia, chini ya barua yako kwa maandishi madogo, kama ile habari yangu ya sahani inafaa Kenya. Angalia mwenyewe. Vihiga Queens walibeba ligi yenu 2017, 2018 na 2019, na nyuma yao kulikuwa na serikali ya kaunti. Ndio haohao walioshinda mchujo wa ukanda wetu 2021 na kwenda Cairo kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika ya kwanza kabisa ya wanawake. Msimu wa 2023/24 bingwa akawa Kenya Police Bullets. Kwenu polisi, kwetu jeshi. Ukimpa msichana mshahara unaojua tarehe, anakupa kombe.

"Mama Kaunta umetukosea. Toleo lililopita uliandika Twiga Stars walikwenda Afcon kwa mara ya kwanza 2012. Si kweli." (Mwalimu wa michezo, Songea)

Si kweli, mwalimu, na nimeona haya. Ni 2010, Afrika Kusini, kocha akiwa Charles Boniface Mkwasa. Tulifungwa mechi zote tatu: 2-1 na wenyeji, 3-2 na Mali, 3-0 na Nigeria. Iliyofuata tukaingoja mpaka ile ya Morocco, iliyopewa jina la 2024 ikachezwa Julai 2025, ambako tulitoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini. Kwenye kauntabuku ilikuwa sahihi. Ni mimi niliyesoma sifuri nikaona mbili, miwani imeagizwa.

"Assalaam alaykum Bi Kaunta. Shangazi yangu anasema Zanzibar iliwahi kuwa bingwa wa Afrika Mashariki na Kati kwa wanawake. Vijana wa mtaani wanamcheka. Je, ni kweli?" (Z.M., Ng'ambo, Unguja)

Waalaykum salaam. Ni kweli tupu, na hao vijana wamwombe radhi shangazi yako kwa kumpelekea urojo mpaka mlangoni.

Mashindano ya kwanza ya wanawake ya Cecafa yalichezwa 1986, na yalichezwa hapohapo Zanzibar, na bingwa alikuwa Zanzibar. Halafu unajua kilichotokea? Hayakuchezwa tena kwa miaka 30. Kombe lililofuata ni lile la Jinja 2016. Msichana aliyeshangilia 1986 akiwa na miaka 18 alikuwa na 48 siku filimbi ya mashindano ya pili ilipopigwa. Kwa hesabu hiyo Zanzibar ndiyo iliyokuwa bingwa mtetezi kwa muda mrefu kuliko nchi yoyote, miaka 30 bila kufungwa, kwa sababu hakuna aliyewaita kucheza.

Na waliporudi, ikawa kilio. Mwaka 2016 Kenya iliwafunga Zanzibar 11-0. Watu walicheka. Mimi niliiandika kwa nyekundu na pembeni nikaandika "1986", ili atakayelisoma kauntabuku hili baada yangu ajue kwamba hawa siyo watu waliojifunza mpira jana. Unguja ilikuwa na wasichana wakicheza wakati sehemu nyingi za bara binti akigusa mpira anaulizwa ataolewa na nani. Timu kama Women Fighters iliwashika wasichana kwa miaka mingi, na walikuwa wakicheza na maneno ya watu kwanza, wapinzani baadaye.

Wewe Z.M. nina kazi yako. Mkalishe shangazi chini na chai. Muulize nani alikuwa golikipa, nani alivaa namba tisa, walivaa nini miguuni, na kitambaa kichwani walikifungaje kisidondoke. Andika yote, majina ya utani pia. Ukinitumia, nitafungua ukurasa wake kwa biro ya bluu, ingawa sikuwepo. Kwa macho ya shangazi inatosha.

"Jambo sana Mama. Huku Lubumbashi tunasoma gazeti lenu mwezi mmoja nyuma. Mbona hamtuhesabu sisi wa Mazembe? Ni Waswahili pia." (Shabiki wa Kunguru, Lubumbashi)

Jambo sana baba. Tunawahesabu, na kwa wivu. Novemba 2024 wasichana wa TP Mazembe waliifunga AS FAR 1-0 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kule kule Morocco kwa hao AS FAR, kwa penalti ya Marlène Kasaj. Kocha alikuwa Lamia Boumehdi, mwanamke, Mmorocco mwenyewe, akiwafunga watu wa kwao. Kabla yenu kombe hilo lilikuwa limekwenda kwa Mamelodi Sundowns 2021 na 2023 na AS FAR 2022. Kwa hiyo mpaka sasa kombe hilo limewahi kusemeshwa Kiswahili kwenu tu.

Sisi tulifika karibu 2022, Simba Queens walipoingia nusu fainali Morocco. Sundowns wakatutoa kwa bao moja, na mechi ya kutafuta nafasi ya tatu tukafungwa na Bayelsa Queens. Nafasi ya nne Afrika. Niliandika kwa nyekundu kwa sababu sikuwa na nauli ya Morocco, na usiku ule nilizima runinga kabla ya kuonyeshwa waliopanda jukwaani. JKT Queens walikwenda Ivory Coast 2023 wakaishia kwenye makundi.

Sasa wewe nisaidie: mwambieni anayetuma gazeti Lubumbashi apunguze huo mwezi mmoja.

"Mama Kaunta, unaandika makombe ya wenzako kila mwezi. Wewe mwenyewe ulishawahi kubeba?" (Mjukuu wa Temeke)

Moja, mjukuu wangu. Lilikuwa bonanza la kata, miaka ya tisini, na mimi nilikuwa beki wa kati. Timu yetu ilikuwa na njumu jozi saba kwa watu kumi na moja, kwa hiyo waliocheza pembeni walicheza peku, kwa hoja kwamba pembeni kuna nyasi. Aliyeingia badala ya mwenzake alimvua viatu kwanza. Mwamuzi alikuwa mwelewa, alisubiri mpaka kamba zifungwe, na kama kiatu ni kikubwa mtu alijaza gazeti puani mwa kiatu.

Tulishinda kwa penalti. Mgeni rasmi alikuja na kombe la bati lililopakwa rangi ya dhahabu na akaahidi, kwa kipaza sauti, mipira miwili na jezi kamili kwa timu bingwa. Watu wakapiga vigelegele. Tulifuata ahadi hiyo ofisini kwake Jumatatu, tukaambiwa Alhamisi. Alhamisi tukaambiwa mwisho wa mwezi. Tulikwenda mara tisa, tukiwa wawili wawili ili kugawana nauli. Mara ya tisa karani wake alituuliza, kwa upole kabisa, "Kwani ninyi ni bingwa wa nini?" Nahodha wetu akageuka, tukageuka, tukarudi kwa miguu.

Siku ile ndipo niliponunua kauntabuku la kwanza.

Kombe lenyewe tulipigiana kura likae kwa nani, likaja kwetu. Mama yangu hakuwa mtu wa kuacha chombo kikae kabatini bure. Alilipima akaona linaingia robo tatu ya kilo, akalitumbukiza kwenye gunia la mchele. Sikio moja lilikatika, la pili bado. Ukija kwangu siku ya pilau, utanikuta napimia nalo.